Kutoka Mtoni hadi Kizimbani: matembezi ya taratibu katika mashamba ya Seyyid Said

Nimekulia Wete, Pemba, katika nyumba ambayo msimu wa karafuu ukiingia hata ukumbi hugeuka ghala. Kwa hiyo matembezi ya mashamba ya Unguja nayapima kwa swali moja: anayetutembeza anawakumbuka waliochuma? Haya ya Mtoni hadi Kizimbani yamelijibu swali hilo vizuri kuliko mengine niliyowahi kulipia. Hayakulijibu lote, na nitasema yalipopunguka. Lakini natamani kila mkaazi wa Zanzibar ayafanye, hasa sisi tunaopita pale na daladala ya 502 bila ya kugeuza shingo.

Ni matembezi ya nusu siku, kikundi kidogo, mtembezaji mmoja. Huanzia ufukweni Mtoni kwenye magofu ya jumba la Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, yakapita Bububu, yakapanda Kidichi kwenye hamamu ya Kiajemi, yaani nyumba ya kuogea, yakamalizikia Kizimbani. Barabara kuu mnakwenda kwa gari; ndani ya mashamba ni miguu. Nilikwenda na shangazi yangu aliyekuwa amekuja mjini kutibiwa magoti. Amechuma karafuu tangu usichana wake, na sikutaka arudi Pemba akiwa ameona kuta za hospitali tu. Nilipomuuliza mtembezaji kama safari itamfaa, alinijibu: “Atakayechoka ndiye atakayetupa mwendo.” Akalitimiza. Kila shangazi alipotafuta pa kukaa, alijifanya hapo ndipo alipotaka kutusimulia jambo, na kweli alikuwa nalo jambo la kusimulia.

Nalisisitiza hili la mwendo kwa sababu ndilo lililoyatenga matembezi haya na ziara za viungo tulizozizoea. Kampuni moja niliyokwenda nayo zamani ilitupitisha mbio: nusa hiki, tafuna kile, kijana akapanda mnazi huku akiimba, tukavishwa kofia za makuti, halafu tukafikishwa kwenye meza ya sabuni na mafuta. Hakuna aliyetuambia shamba lile lilikuwa la nani. Tuliondoka tukijua harufu ya mdalasini, ambayo tuliijua tangu kwetu.

Mtoni ndipo penye uzito wa safari, na nashukuru walipapa muda mrefu. Ukishuka kutoka barabarani huoni jumba kwanza. Unaona minazi, kisha kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, lipu imebanduka, madirisha yamebaki matundu yanayotazama baharini. Seyyid Said bin Sultan alifika Unguja mara ya kwanza mwaka 1828, na katika miaka iliyofuata akalijenga jumba hili liwe makaazi yake ya shamba. Mjini alikuwa na jumba jingine la kuamulia kesi na kupokea mabalozi. Huku ndiko walikokuwa wake zake, masuria na watoto wadogo. Binti yake Salme, aliyezaliwa humu tarehe 30 Agosti 1844, aliandika baadaye kwamba watu kama elfu moja waliishi Mtoni. Ukisimama kwenye ule ua leo, na kimya chake, unaweza kudhani ametia chumvi, mpaka mtembezaji aanze kuwapanga watu mmoja mmoja.

Aliwapanga hivi. Hapa ndipo walipozurura wanyama: paa, tausi, mbuni, bata na ndege wengine, watoto wakikimbizana nao kutwa. Kule mwisho wa ua, safu ya hamamu, maji yakiingia kutoka kwenye mto huu huu unaopita pembeni na kumwagika baharini. Asubuhi mpaka usiku hapakosi mtu aliyekuja kuoga, kuswali au kukaa tu. Juu kule, vyumba vya wakubwa. Na upande wa bahari palikuwa na roshani kubwa ya mbao, ya duara, iliyoezekwa. Huko Seyyid alikunywa kahawa yake na mkewe mkubwa, Azze binti Sef, au alitembea peke yake huku na huku, ameinamisha kichwa, akichechemea kwa risasi aliyopigwa pajani vitani ujanani mwake. Hiyo roshani haipo tena hata ubao. Lakini mtembezaji alitusimamisha pale ilipokuwa, akatutaka tutazame bahari kwa upande aliotazama yeye, na kwangu hilo lilitosha kumfanya Seyyid Said awe mtu badala ya kuwa jina la kwenye daftari la historia nililolikariri skuli.

Kuna habari moja iliyompendeza sana shangazi. Mbele ya Seyyid iliruhusiwa lugha moja tu, Kiarabu. Lakini akigeuka mgongo, nyumba ilivurumiza lugha zote: Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kinubi, Kihabeshi, na Kiswahili kati yao. Mama yake Salme, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi, watu wa milima ya Kaukazi, aliyechukuliwa mdogo kwao baada ya vita. Shangazi alisikiliza, akamuuliza mtembezaji: “Mwanangu, hao mama zao waliletwa kwa hiari yao?” Akajibu: “La, mama. Masuria ni watu walionunuliwa.” Nilifurahi hakulipamba jibu.

Historia ya Salme yenyewe wengi mnaijua, na ndiyo inayouza matembezi haya kwa wageni. Mtembezaji aliisimulia bila ya kuitia sukari. Mtoto wa kike hakufundishwa kuandika, kusoma tu. Yeye akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ndio uliomponza. Mwaka 1859, akiwa na miaka kumi na tano, ndugu yake Barghash alipotaka kumpindua ndugu yao mwingine, Majid, aliyekuwa Sultani, Salme ndiye aliyewaandikia barua. Jaribio likashindwa, na yeye akabaki kati ya ndugu wasiosameheana. Akakaa Kizimbani, akakaa Bububu, akarudi mjini, na huko akajuana na mfanyabiashara wa Kijerumani kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Mwaka 1866, akiwa mjamzito, aliondoka kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden. Mwaka uliofuata akabatizwa huko na kuolewa, akaitwa Emily. Mumewe alikufa kwa ajali ya tramu mwaka 1870, akamwachia watoto watatu katika nchi ya baridi.

“Hakurudi tena kwao?” aliuliza shangazi. Alirudi, 1885 na 1888. Barghash, ndugu yule yule ambaye Salme alimwandikia barua zake, alikuwa sasa ndiye Sultani, na hakukubali kumpokea wala kumpa urithi wake. Mwaka 1888 Barghash alikuwa ameshafariki, na bado mlango haukufunguliwa. Salme alikufa Jena, Ujerumani, mwaka 1924, na katika vitu vyake kilikutwa kifuko cha mchanga wa Zanzibar. Nakiri kwamba hapo nilitaka kukaa zaidi, na mtembezaji alituacha tukae.

Sasa nije kwenye upungufu, maana ni hapa hapa Mtoni ulipojitokeza. Tulikuwa tumeshazungumzia tausi, roshani, kahawa na mapenzi, na tunajiandaa kupanda gari, na walioubeba mzigo wa nyumba ile walikuwa wametajwa kama samani tu. Nikamwambia: “Maalim, maji ya hamamu unatwambia yalitoka mtoni. Kuni za kuyapashia moto zilitoka kichwani mwa nani?” Alisimama. Akasema wageni wengi hawapendi kusikia habari hizo asubuhi, kwa hiyo huzichelewesha mpaka mashambani. Mimi sioni kwamba ni habari ya kuchelewesha. Salme mwenyewe, katika kumbukumbu zake alizozichapisha Berlin mwaka 1886, aliutetea utumwa wa Waarabu na kudai haukuwa kama ule wa Marekani. Mtu anayesimuliwa uzuri wa kalamu ile anastahiki pia kuambiwa ilitetea nini. Nilimweleza hivyo, na kwa sifa yake, hakununa. Kuanzia hapo mazungumzo yakawa mengine kabisa, na nusu ya pili ya safari ikawa bora kuliko ya kwanza.

Bububu tulipita haraka. Palikuwa na reli ya kutoka mjini mpaka hapa, maili saba, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani mwanzoni mwa miaka ya 1900, ikipita katika mitaa myembamba ya mjini karibu na milango ya watu. Imeondoka yote. Tulinunua madafu, tukaacha barabara ya lami na kuingia ndani.

Kuanzia hapa ardhi inapanda, lakini kidogo kidogo. Njia ni ya udongo mwekundu, migomba na mihogo kila upande, mafenesi, mishokishoki, nyumba za watu zenye baraza, watoto wakitoka chuoni na juzuu zao. Si bustani iliyozungushiwa ukuta kwa ajili ya watalii. Ni vijiji, na watu wanaishi. Mtembezaji aliamkia kila mtu aliyekutana naye na mara mbili tatu alisimama kuulizia mgonjwa. Kwangu hiyo ni sehemu ya huduma. Huwezi kuwapitisha watu kwenye ua wa jirani yako bila ya kumuamkia jirani.

Chini ya mkarafuu mkubwa tukakaa, na ndipo alipotoa ile habari aliyoichelewesha. Karafuu si ya kwetu kwa asili. Ilitoka visiwa vya Maluku, huko mashariki ya mbali, ambako Waholanzi waliilinda kwa ukali isitoke. Mfaransa Pierre Poivre akafanikiwa kuipeleka Mauritius mwaka 1770, ikaenda Réunion, na kutoka huko ikaletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Anayetajwa kuileta ni Saleh bin Haramil, Mwarabu wa Oman aliyefanya biashara na Wafaransa, na miti yake ilikuwa Mtoni na Kizimbani. Seyyid Said alipoona faida yake aliyataifisha mashamba ya Saleh na kuyafanya yake. Kwa hiyo hata ile ardhi tuliyoanzia, yenye jumba na tausi, ilikuwa imenyang'anywa mtu kwanza. Kisha akaamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja; asiyetii, shamba lake huchukuliwa. Ndani ya muda mfupi Unguja na Pemba zikawa ndizo zinazoilisha dunia karafuu.

Na mikarafuu haijichumi. Watu walioletwa kuilima, kuipalilia na kuichuma walitekwa bara, wengi kutoka pande za Ziwa Nyasa, wakashushwa Kilwa, wakavushwa kwa majahazi. Mashambani kwa kawaida waliachiwa Alhamisi na Ijumaa walime vipande vyao vya mihogo. Msimu wa kuchuma ukifika hata siku hizo ziliingiliwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, kwa mkataba aliotiwa shinikizo Barghash autie saini, lakini aliyekuwa mtumwa shambani alibaki mtumwa mpaka amri ya 1897, na hata hapo ilimbidi aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake. Mtembezaji aliyasema haya kwa sauti ile ile aliyosimulia roshani, bila ya kupaza, na kila mmoja katika kikundi aliacha kupiga picha.

Kisha akamgeukia shangazi: “Mama, mimi karafuu nazisimulia, wewe umezichuma. Waoneshe.” Hili ndilo jambo bora alilolifanya siku nzima. Shangazi akanyanyuka na magoti yake, akavuta tawi la chini. Akaeleza kwamba karafuu ni ua ambalo halijafunguka: ukisubiri likafunguka, limeshaharibika kwa soko, ukichuma mapema mno, ni punje nyembamba isiyo na mafuta. Unatazama kichwa kinapoanza kuiva rangi, kikiwa bado kimefumba. Tawi la mbali unalivuta kwa ngoe, taratibu, kwa sababu mkarafuu huvunjika ghafla bila ya kukuonya, na kila mtu Pemba anamjua aliyeanguka akavunjika kiuno au aliyeanguka asiamke. Unakata kishada kizima. Usiku, baada ya kula, familia yote inakaa kuchambua, kishada kinakandamizwa kiganjani ili karafuu zitoke na makonyo yabaki, na vidole vinanuka siku nyingi hata ukila wali. Asubuhi zinaanikwa juani kwenye majamvi mpaka zigeuke kahawia na zivunjike kwa sauti. Wingu likitanda, aliye msalani atoke, aliye kitandani aamke, karafuu ziingizwe ndani.

Mgeni mmoja katika kikundi alimuuliza anapenda nini katika kazi ile. Akasema anapenda siku ya kupima, ukishaziweka kwenye mizani ya shirika la serikali linalonunua karafuu na kusikia kilo zako. Na akaongeza, akimtazama mtembezaji: “Hao uliowataja, wao hiyo siku hawakuipata.”

Mtembezaji ndiye pia aliyetuunganishia Unguja na kwetu. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja kikaing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake, Pemba kikaikosa. Kuanzia hapo uzito wa karafuu ukahamia Pemba, na mpaka leo huko ndiko ziliko nyingi. Nimekua nikijua kwamba sisi ndio wenye karafuu, nikidhani ni kwa sababu ya udongo wetu. Udongo upo, lakini kulikuwa na upepo pia. Na kuhusu ardhi: baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 mashamba makubwa yalichukuliwa na serikali, familia zikagawiwa eka tatu tatu. Tulipita kwenye eka tatu za bwana mmoja, baba yake alizipata wakati huo; alikuwa na mikarafuu, mihogo, na vanila iliyopandishwa kwenye miti. Alitukaribisha machungwa, akakataa malipo. Natumai kampuni ina njia ya kumkumbuka, maana watu wote wanapita ardhini kwake.

Hamamu ya Kidichi ipo juu, mahali palipoinuka kuliko sehemu kubwa ya Unguja, kilomita kama 11 kutoka mjini. Kutoka nje usitarajie kitu: jengo la chini, jeupe, lenye kuba. Seyyid Said alilijenga mwaka 1850 kwa ajili ya Shehrzad, binti wa kifalme wa Uajemi, mjukuu wa Shah Fath Ali, aliyemuoa katika uzee wake. Alikuwa mwanamke wa kupanda farasi na kuwinda, na walipokuja huku kutazama mashamba alitaka mahali pa kuogea baada ya vumbi la njia. Ndoa haikudumu, aliachika akarudi kwao. Hamamu ikabaki.

Ndani ndipo ilipo kazi. Mafundi wa Kiajemi walizipamba kuta kwa nakshi za chokaa zilizochongwa: maua, mitende, na ndege, tausi kati yao. Ndege kwenye ukuta wa mfalme wa Kiibadhi, madhehebu ya Kiislamu ya Waomani, si jambo la kawaida. Mafundi wa hapa wasingewachora viumbe hai, na hiyo ni alama ya wazi ya mikono iliyofanya kazi. Pana chumba cha kupumzikia, birika za kuogea, mahali pa kukandwa, vyoo, na chini ya sakafu njia za kupitisha joto la moto. Juu kwenye kuba kuna duara la vidirisha vidogo. Vilikuwa na vioo vya rangi, kwa hivyo mwanga ulishuka ukutani ukiwa na rangi zake. Sasa vioo havipo, unaingia mwanga mtupu, na unaonesha ukungu ulioila nakshi. Iliniuma. Palipopakwa chokaa kwa matunzo pamezimeza nakshi. Palipoachwa pameliwa na unyevu. Sijui kazi ya kuhifadhi majengo, lakini najua ukuta unaokufa ninapouona, na huu unahitaji fundi anayeijua chokaa kabla ya misimu mingi ya masika kupita.

Hapa pana shida nyingine. Magari ya ziara kubwa hufika Kidichi mchana, na jengo ni dogo mno. Tulipokuwa ndani likaingia kundi jingine na sauti zikawa juu ya sauti, mtu huwezi kusikia. Mtembezaji wetu alitutoa nje, tukasubiri chini ya mti mpaka wale waondoke, akaturudisha. Wangeanzia Kidichi asubuhi na kushuka kuelekea Mtoni, wangeukosa msongamano. Nimewaambia.

Aliporudi nasi ndani, yeye mwenyewe, bila ya kuulizwa, alitupeleka kwanza kwenye mdomo wa jiko, pale moto ulipokuwa ukiwashwa, nyuma na nje ya uzuri wote. Akasema: “Binti mfalme alikuwa ndani. Hapa alikuwa mtu mwingine, na jina lake halikuandikwa.” Kisha ndiyo tukaingia kutazama tausi. Mpangilio huo mmoja tu, jiko kwanza na nakshi baadaye, unabadilisha unachokiona ukutani. Kama wataufuata kila siku, sina lawama nao tena.

Kizimbani ni fupi. Kuna hamamu nyingine ya Seyyid, isiyo na mapambo, na mashamba ya serikali ya kilimo, pilipili manga, kungumanga, hiliki, mdalasini, miti imepangwa vizuri. Chakula kiliandaliwa na akinamama wa kijijini: wali wa viungo, mchuzi wa samaki, mchicha wa nazi. Kizuri, cha moto, na kingi. Shangazi aliuona mdalasini wao mkavu mno, na akawaambia hivyo.

Kwa atakayekwenda: bei ya mkaazi ipo na ni ya chini sana kuliko ya mgeni, lakini hawaiandiki, lazima uiulize na kitambulisho uwe nacho. Vaa viatu vilivyofunga, udongo ukilowa unateleza. Choo hakuna kati ya Mtoni na Kidichi, na kwa mtu mzima hili ni jambo kubwa. Tuliomba kwenye nyumba ya watu, wakatukubalia, ila kampuni ilipaswa kulipanga mapema. Viti viwili vitatu vya kukunja kwenye gari vingewafaa sana wazee. Vaa kwa stara, unapita kwenye vijiji. Na kabla ya kuanza, mwambie mtembezaji kwamba unataka habari za wafanyakazi tangu Mtoni, usisubiri mkarafuu. Anazijua, anazisimulia vizuri, anahitaji tu kujua kwamba mbele yake yupo mtu anayezitaka.

Ukiweza, nenda msimu wa kuchuma, miti ikiwa na watu juu. Shangazi ameshaniagiza nimtafutie nafasi na mashoga zake wa Wete, na nilipopiga simu kuuliza, mtembezaji amesema kundi la wachumaji wa Pemba atalichukua kwa nusu bei, kwa sharti kwamba chini ya ule mkarafuu wazungumze wao.